Kona ya Mama Msusi: Mafuta ya nazi yameganda, nimeuziwa feki?

Baridi ya Julai imeingia Arusha, na barua za mafuta ya nazi zimeingia nayo. Safari hii nimechagua sita, za hapa Arusha na za jirani zetu wa Kilimanjaro. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, kwenye minazi hadi ufukweni. Niliolewa Arusha mwaka 1996, na tangu 1999 mikono yangu iko vichwani mwa watu kwenye saluni yangu ya Kaloleni. Mafuta ya nazi nimepakwa tangu kitovu hakijakauka. Nayapenda, ndiyo maana naumia nikiona yanabebeshwa kazi isiyo yake, halafu yanalaumiwa.

*Mama Msusi, shikamoo. Mwezi wa pili nilinunua chupa ya mafuta ya nazi kwa mama mmoja Soko la Kilombero. Yalikuwa maji kabisa na yananukia. Sasa yameganda, meupe kama mshumaa, hayatoki hata nikiikung'uta chupa. Shoga yangu anasema yamechanganywa na mafuta ya mgando ya kupikia. Nimrudishie? – Msomaji, Sakina, Arusha*

Marahaba mwanangu. Usimrudishie, mama wa watu hana kosa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Februari Arusha ina joto, ndiyo maana uliyanunua yakiwa maji. Sasa hivi alfajiri hapa kwetu kuna siku hata nyuzi 14 hazifiki, yatabakije maji? Kwetu Pangani mtu anaweza kuzeeka asiyaone yamekuwa jiwe. Labda alfajiri ya Julai uyakute yamepata ukungu, na jua likichomoza yanarudi yalivyokuwa. Nilipokuja huku mama alinipakilia galoni la lita tatu kwenye basi. Wiki ya tatu nikalikuta limeganda gumu, nikakaa chini nikalia, nikidhani zawadi ya mama imeharibika njiani.

Yakiganda sawasawa chupa nzima, weupe mmoja kutoka juu hadi chini, hiyo ni dalili njema. Wasiwasi uje pale asubuhi ya baridi kali unapokuta chini yameganda na juu yanaelea mafuta mengi ya njano. Hapo huenda kuna alizeti ndani.

Chupa itie kwenye bakuli la maji ya moto ya kuogea kwa dakika kumi, usiiweke jikoni. Kuganda na kuyeyuka hakuyapunguzii kitu. Yakiyeyuka, hamishia kwenye kopo la mdomo mpana, uwe unachota kwa kijiko kikavu. Ukiyasugua viganjani yanayeyuka yenyewe kwa joto la mwili.

*Dada, habari za kazi. Nimeanza kutengeneza mafuta ya nazi nyumbani, nazi nanunua Mbuyuni. Nakuna, nakamua, nachemsha tui mpaka mafuta yanaelea, nachota ya juu natia kwenye chupa. Siku ya kwanza yananukia vizuri, lakini baada ya wiki mbili yananuka kama sabuni ya mche iliyolowa. Wateja watatu wamenirudishia. Nakosea wapi? – Msomaji, Pasua, Moshi*

Nzuri mdogo wangu. Unakosea mwishoni kabisa: unayatoa jikoni na maji yake. Harufu ya sabuni ndiyo imekusema. Maji yakibaki ndani ya mafuta ya nazi, mafuta huanza kuvunjika, na asidi zinazoachiwa hapo ndizo zinazonuka vile. Asidi iliyo nyingi kuliko zote ndani yake, karibu nusu ya mafuta, inaitwa asidi ya lauriki, na ni hiyo hiyo inayowafanya wenye viwanda wayapende mafuta ya nazi kwa kutengenezea sabuni. Kwa hiyo pua za wateja wako hazikukosea.

Nikueleze mama alivyokuwa akifanya, na mimi bado nafanya hivyo kila Desemba nikienda nyumbani.

Anza na nazi yenyewe. Itikise sikioni usikie maji yakicheza. Isiyolia iache, na yenye ukungu kwenye macho iache hata ukipewa bure. Nazi kavu, iliyokomaa, ndiyo yenye mafuta. Kuna kwa mbuzi, na ukifika karibu na kifuu simama, usikwangue ule weusi. Mimina maji ya vuguvugu kiasi cha kulowanisha tu, kamua, kisha kamua mara ya pili. Machicha wape kuku. Tui lote liweke kwenye beseni, lifunike, lilale usiku mmoja. Asubuhi utakuta krimu nzito imepanda juu na maji yako chini, hasa kwa baridi ya Moshi ya mwezi huu, ambapo krimu inashikana hadi unaiondoa kwa mwiko kama mtindi. Chukua krimu peke yake. Wewe unachemsha tui zima na maji yake, unapoteza mkaa na unapoteza siku.

Sasa jikoni tumia sikio. Krimu ikianza kuchemka inapiga kelele, inarukaruka, inatema. Hayo ni maji yanaondoka. Moto uwe wa wastani, koroga usiondoke. Baadaye utaona mashapo meupe yanajitenga na mafuta yanakuwa kama kioo. Wengi huchota hapo, na nadhani ndipo unapochotea wewe. Subiri. Kelele itapungua, mapovu makubwa yatageuka madogo, mashapo yatapata rangi ya karanga iliyokaangwa. Kuna dakika sufuria inanyamaza. Mama alikuwa akiinua mkono kutuzuia sisi watoto tusiongee, ainamishe kichwa pembeni ya sufuria, asikilize. Ikinyamaza kabisa, maji yameisha. Epua hapo hapo, maana baada ya hapo mashapo yanaungua na mafuta yanapata harufu ya moshi.

Chuja yakiwa bado ya moto kwa kitambaa cha pamba kilicho kikavu kabisa. Chupa iwe ya kioo, imeoshwa jana na kuanikwa juani ikiwa imefunguliwa, siyo iliyosuuzwa sasa hivi. Tone moja la maji linatosha kuharibu. Usifunge kizibo mpaka mafuta yapoe, maana mvuke ukijifungia ndani unarudi kuwa maji. Nazi sita mwaka jana zilinipa nusu lita isiyojaa. Usipandishe kipimo kwa kuongeza maji wala kwa kukata dakika za mwisho. Hao wateja watatu wape chupa mpya bila malipo, watarudi.

*Mama Msusi, mimi na mwanangu wa miaka sita tunasumbuliwa na mba. Mimi ngozi ya kichwa inawasha na inatoa unga. Yeye ameota viduara vitatu vya majivu na nywele za hapo zimekatika. Kila usiku nampaka mafuta ya nazi na mimi najipaka, huu mwezi wa tatu, naona inazidi. Au mafuta yangu si asilia? – Mama Msomaji, Ngarenaro, Arusha*

Mama mwenzangu, nianze na mtoto kwa sababu yeye ndiye wa haraka. Mwanao hana mba. Viduara, majivu, nywele zimekatika karibu na ngozi: hayo ni mapunye, wengine huita mashilingi. Ni kuvu iliyoingia ndani ya nywele hadi mzizini, na mafuta hayafiki huko, hata dawa ya kupaka peke yake haifiki. Mapunye yanataka dawa ya kumeza. Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Mara nyingi hupewa griseofulvini, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto, ndiyo maana sitaki uinunue dukani kwa kukisia. Humezwa wiki sita hadi nane, na inaingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta, kwa hiyo mpe na maziwa yasiyotolewa krimu au na mboga iliyoungwa kwa nazi. Usikatishe ukiona nywele zimeanza kuota. Nywele huota mapema, kuvu bado ipo.

Kwa sasa kila kinachogusa kichwa chake kiwe chake peke yake: chanuo, taulo, kofia, foronya. Kinyozi mwambieni ukweli kabla hajawasha mashine. Waangalie na wenzake anaolala nao.

Hili nalisema nikiwa na deni. Mwaka 2000, saluni ikiwa bado changa, nililetewa binti wa miaka saba mwenye viduara kama hivyo. Nikampaka mafuta ya nazi ya nyumbani kwetu, nikaona nimemtendea wema, nikamsuka twende kilioni, kisha chanuo lile lile nikalipitisha kwa watoto wawili waliofuata kwenye foleni. Baada ya wiki tatu mama zao wote walirudi. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku hiyo machanuo yangu yanaoshwa kwa sabuni na kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kila mteja akiinuka, na mtoto mwenye viduara simsuki, namwandikia mama yake kikaratasi aende hospitali.

Sasa wewe. Yako ni mba, na mafuta yako huenda ni asilia kabisa, lakini ndiyo yanayoilisha. Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu kuna kuvu ndogo iitwayo Malassezia, na chakula chake ni mafuta. Inapokula, inaacha mabaki yanayochokoza ngozi, ngozi inawasha na kubanduka. Asidi ya lauriki niliyoitaja hapo juu ni miongoni mwa mafuta inayoweza kuyatumia. Ukipaka leo unga unalowa, hauonekani, unadhani umepona. Kesho kuvu imeshiba. Miezi mitatu umekuwa ukiandaa meza.

Acha kabisa kupaka kwenye ngozi ya kichwa. Nunua duka la dawa shampuu yenye ketokonazoli, osha mara mbili kwa wiki, povu likae dakika tano kabla ya kusuuza, kwa wiki nne. Watu wengi wanasuuza baada ya nusu dakika halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Kama umesuka, changanya shampuu na maji kidogo kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye mistari kati ya misuko, sugua kwa ncha za vidole. Usijikune kwa mkia wa chanuo, unafungua vidonda. Mba ikitulia, rudi kwenye shampuu hiyo mara moja kila wiki moja au mbili. Mafuta ya nazi unaweza kuyaendeleza kwenye nywele zenyewe, kuanzia usawa wa masikio kwenda chini. Ikifika wiki ya tano hujaona nafuu, onana na daktari wa ngozi, maana yapo magonjwa yanayofanana na mba.

*Mama, nipo kidato cha nne, uso una chunusi. Bibi anasema nipake mafuta ya nazi asilia usiku kucha. Nipake? – Mwanafunzi, Usa River*

Usipake usoni, mwanangu. Yanaziba vitundu vya ngozi, na chunusi zinaanzia kwenye vitundu vilivyoziba. Bibi yako msalimie sana, na umwambie miguuni na mikononi umekubali, tena baada ya kuoga kabla hujakauka vizuri. Usoni nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyokausha ngozi, na uulize duka la dawa krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Anza kidogo, na usitumie taulo la rangi unalolipenda, maana krimu hiyo inapausha nguo.

*Mama Msusi, nina miaka 24, nywele za mbele na za pembeni zimeisha, paji limepanda. Nasuka rasta tangu nimalize shule, nikifumua leo kesho nasuka. Niliambiwa mafuta ya nazi na kitunguu swaumu kila usiku zitaota. Nimepaka miezi minne, ngozi imeanza kuungua. – Msomaji, Njiro, Arusha*

Kitunguu swaumu acha leo hii. Kibichi kinaunguza ngozi kweli kweli.

Nywele zako zimevutwa, mwanangu. Mafuta ya nazi hayaoteshi nywele, na aliyekuahidi hivyo alikuuzia tumaini. Kumbuka siku uliyotoka kusukwa: usiku ule kulala kwa tabu, ukipandisha nyusi unasikia maumivu, kesho yake vipele vidogo vyeupe pembeni ya uso. Hiyo ni mizizi inalia. Simama mbele ya dirisha mchana, uangalie pembeni kwa kioo cha mkononi. Ukiona vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, bado mizizi ipo hai na utavuna ukiipumzisha. Pakiwa pamekuwa laini panang'aa kama kiganja, bila hata kitundu, nakuomba uende kwa daktari wa ngozi mapema, maana huko msusi hana cha kufanya.

Pumzika rasta miezi sita. Nakuomba pia usiweke dawa ya kulainisha nywele, usibane kwa jeli na brashi ngumu. Mabutu makubwa yasiyovuta yanatosha. Ukirudi kusuka, mwambie msusi asizishike nywele za pembeni, na ukisikia maumivu kwenye kiti mwambie hapo hapo afumue. Msusi anayekujibu “vumilia, itaachia” mwinukie.

Mafuta ya nazi yana kazi nyingine kwako, na hiyo yanaijua vizuri. Nywele ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, na kuvimba na kusinyaa huko kila mara kunaichosha hadi inakatika. Mafuta mengi hukaa juu ya nywele tu. Ya nazi, kwa sababu chembe za asidi yake ya lauriki ni ndogo na zimenyooka, yanapenya hadi ndani. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni moja ya India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Kampuni hiyo yenyewe inauza mafuta ya nazi, kwa hiyo una haki ya kukunja uso. Mimi nakubaliana nao kwa ninachokiona kwenye chanuo: kichwa kilichopakwa usiku wa kuamkia kuoshwa kinaacha nywele chache zilizokatika kuliko kisichopakwa.

Kijiko kimoja cha chai kinatosha kichwa cha nywele fupi. Paka urefu wa nywele, funga kitambaa, lala, osha asubuhi. Siku nyingine za wiki anza na maji, kwa chupa ya kupulizia, ndipo upake mafuta kidogo juu yake. Mafuta si maji. Ukiyapaka kwenye nywele kavu umefunga mlango na ukavu uko ndani. Na ukiona nywele zako zinakuwa ngumu kama waya baada ya wiki chache, punguza au yaache. Ninao wateja ambao vichwa vyao havipatani nayo, na siwalazimishi.

*Mama, shikamoo. Nina mtoto wa kike wa miaka minne mwenye ualbino. Jirani ameniambia nimpake mafuta ya nazi kabla hajatoka juani, eti ni kinga ya asili na hayana kemikali. Huku kwetu mara nyingi kuna ukungu, jua si kali. Nifanyeje? – Mama Msomaji, Machame*

Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeiweka mwisho ili nisiharakishe.

Mafuta ya nazi hayamkingi mwanao na jua. Kinga iliyomo ni ndogo mno, na kwa ngozi isiyo na rangi yake ya kujilinda ni sawa na kumtoa mtupu. Ukungu nao usikudanganye. Mionzi inayounguza haionekani na haisikiki kwa joto, inapita kwenye mawingu, na jinsi unavyopanda mlima ndivyo inavyozidi. Mtoto wa Machame anaweza kuungua siku anayotetemeka kwa baridi.

Uko karibu na mahali ambapo wenzako wengi wangetamani kuwa karibu napo. Shuka hospitali ya KCMC hapo Moshi, ulizia kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi. Hapo hapo hutengenezwa Kilisun, losheni ya kuzuia jua iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa kwao bure kupitia kliniki. Hiyo ndiyo umpake asubuhi kabla hajatoka, uso, masikio, shingo, mikono na miguu, na urudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Wakimwona pale watamwangalia ngozi yote, na uwe unamrudisha kila wanapokupangia hata kama huoni tatizo. Waulize pia habari ya macho na miwani.

Akiwa nyumbani, michezo ya nje iwe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Shule akianza, nenda ukaongee na mwalimu mwenyewe kuhusu paredi ya asubuhi na vipindi vya nje.

Mafuta ya nazi usimnyime. Yawe ya usiku, akishaoga, ngozi ikiwa bado na umajimaji, umkande taratibu kama mama yangu alivyonikanda. Ngozi yake itakaa laini na haitachanika kwa baridi hii. Asubuhi muoshe kwanza, mkaushe, ndipo losheni ikae kwenye ngozi safi.

Nguo zake ziwe za mikono mirefu na kitambaa kilichoshonana: kiinue dirishani, ukiona mwanga unapenya sana, tafuta kingine. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kepu inafunika paji tu, na vidonda vya jua nimeviona mara nyingi juu ya masikio na nyuma ya shingo.